Msanii na vita vya jirani: aseme au akae kimya?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dada wa msanii wa bongo fleva hapa Mwanza na ndiye ninayesimamia kazi zake. Mashabiki wake wengi wako Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali kuliko hata hapa nyumbani. Tangu waasi wa M23 waingie Goma, Wakongo wanamwandikia kila siku kumuuliza kwa nini amenyamaza. Siku aliyoweka bendera ya Kongo kwenye ukurasa wake, mashabiki wa Rwanda walimshukia kwa matusi, akaifuta. Alipoifuta, Wakongo nao wakamtukana. Sasa amepata mwaliko wa shoo Kigali. Baba yetu anasema mwanamuziki aimbe, vita awaachie wenye serikali. Mimi naona mtu anayefuatwa na watu laki tatu hawezi kujifanya haoni. Nani kati yetu yuko sahihi? Na hiyo shoo aende?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Niko upande wako zaidi kuliko wa mzee, ila sababu uliyoitoa si ile ambayo ningeitumia mimi. Kufuatwa na watu laki tatu hakumpi mtu maarifa ya vita, na wala si deni analodaiwa na mashabiki. Ninachokiamini, baada ya miaka mingi ya kufundisha historia ya redio na muziki wa ukanda wetu, ni kwamba msanii ana haki kamili ya kusema juu ya vita, na mara nyingi ni vyema aseme. Lakini aseme anachokijua, aseme kwa niaba yake mwenyewe, na lawama zake ziwafuate wanaotoa amri, zisiwaangukie watu wa kabila au taifa lao. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayokaa nayo kwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo inayoua.

Nianze na mzee, kwa heshima zote. Kama alikuwa na akili zake mwaka 1978, anaikumbuka Novemba 2, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka na kulikalia eneo letu la kaskazini mwa mto Kagera. Hakuna aliyewaambia wanamuziki wabaki kuimba mapenzi. Bendi za dansi, kwaya na vikundi vya ngoma vilitunga nyimbo za vita, Redio Tanzania Dar es Salaam ikazipiga, na watu wakaziimba hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Wasanii wa nchi hii walikuwa ndani ya siasa ya vita kwa asilimia mia, na tulifurahi. Kauli ya kwamba "mwanamuziki aimbe tu" husikika pale msanii anaposema jambo ambalo sisi hatukutaka kulisikia. Mwulize mzee, kwa upole, kama wimbo wa kumponda Amin nao ulikuwa kosa.

Kuna jambo jingine la vita ile ambalo vijana wengi hawakusimuliwa. Lugha ya taifa ilimlenga Amin mwenyewe. Aliitwa nduli, akapewa kila jina baya, lakini msimamo wa serikali tangu mwanzo ulikuwa kwamba hatupigani na Waganda. Milton Obote alikuwa anaishi Dar es Salaam tangu alipopinduliwa mwaka 1971, Waganda waliokimbia utawala ule walikuwa majirani zetu, na wapiganaji wao walivuka mpaka pamoja na askari wa JWTZ kurudi kwao. Msanii ambaye angeimba kwamba Waganda ni wanyama angekuwa anawaimba na hao waliokuwa wanakufa bega kwa bega na vijana wetu.

Darasani, mfano ninaoutumia kuliko mingine yote ni wa Muhammad Ali, kwa sababu maisha ya mtu huyo mmoja yanaonyesha pande zote mbili za swali lako. Aprili 28, 1967, mjini Houston, aliitwa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Utaratibu ulikuwa kwamba kila kijana anaitwa jina na kupiga hatua moja mbele. Jina lake likaitwa, hakusogea. Likarudiwa, hakusogea. Alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja. Kamisheni ya ngumi ya New York ilimnyang'anya leseni siku hiyohiyo, na ubingwa ukamtoka. Mwezi Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Jela hakuingia kwa kuwa alikata rufaa, lakini hakupanda ulingoni tena hadi Oktoba 1970. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikuja kufuta hukumu ile Juni 28, 1971, na katika majaji 8 walioamua hakuna aliyepinga.

Ali hakuwa mtaalamu wa mambo ya Asia, na hakuhitaji kuwa. Aliyekuwa anatakiwa kwenda kuua ni yeye. Dini iliyomkataza vita ile ilikuwa yake, na watu weusi waliokuwa wakinyimwa haki huku wakipewa bunduki walikuwa ndugu zake. Alisema kile alichokijua, na gharama aliilipa kutoka mfukoni mwake, katika miaka ambayo mwili wa bondia haupewi mara mbili. Ndiyo maana hata waliomchukia walishindwa kumwita msemaji wa mtu.

Februari 1980, Ali huyohuyo akatua Dar es Salaam. Desemba iliyotangulia majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter alitaka dunia isusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Akamtuma Ali azunguke Afrika kuwashawishi viongozi, akianzia kwetu. Nyerere alikataa kumpokea. Aliona ni dharau kwa suala zito la nchi na nchi kuletewa bondia. Waandishi wa habari ndio waliompokea, na walimbana vilivyo. Mwaka 1976, nchi za Afrika zilipojitoa kwenye Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Je, anajua kwamba wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa wakisaidiwa na hao Wasovieti? Ali hakuwa anajua. Kwa uungwana wake alikiri kwamba hakuelezwa, na kwamba huenda anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa. Tanzania ilikwenda Moscow, ambako Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipata kila mmoja medali ya fedha. (Bayi alikuwa ameikosa Montreal akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, na dhahabu ya mbio hizo ikaenda kwa John Walker, raia wa New Zealand. Katika watu wote waliolipia msimamo wa Tanzania, sijui nani alilipa zaidi ya kijana yule, na hatumtaji vya kutosha.)

Mtu ni yuleyule, na mwaka 1980 umaarufu wake ulikuwa mkubwa hata kuliko 1967. Lakini safari hii alibeba ujumbe wa ofisi ya mtu mwingine, kuhusu jambo ambalo hakulifuatilia, mbele ya watu waliolijua vizuri kuliko yeye. Alipwaya ndani ya siku moja. Mdogo wako ataletewa ujumbe wa namna hiyo, kama bado hajaletewa. Atakuja mtu wa chama, au mtu wa taasisi yenye jina zuri, au promota mwenye bahasha, akiwa na maneno tayari: wewe weka tu hii kwenye ukurasa wako. Siku hiyo jibu liwe hapana, hata kama maneno yenyewe anakubaliana nayo.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote. Kesi hii ilisikilizwa hapa kwetu Arusha, na kila msanii wa Maziwa Makuu angepaswa kuijua.

Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mwenye jina kubwa Rwanda kabla ya 1994, mtunzi mwenye kikundi chake cha ngoma kilichoitwa Irindiro. Redio RTLM, iliyoanza matangazo mwaka 1993, ilizipiga sana nyimbo zake kipindi cha mauaji ya kimbari. Alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, akaletwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na Desemba 2, 2008 akahukumiwa miaka 15. Watu wengi husema alifungwa kwa sababu ya nyimbo. Sivyo. Majaji walizichambua nyimbo zake 3 na wakaona mbili kati yake zilitungwa kueneza chuki dhidi ya Watutsi, lakini hawakuridhika kwamba imethibitika bila shaka kuwa alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji yenyewe, wala kwamba yeye ndiye aliyesababisha zipigwe redioni mwaka 1994.

Kilichomtia hatiani ni barabara. Mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove huko Gisenyi, Bikindi alipita katika msafara wa Interahamwe, mgambo wa Kihutu, gari likiwa na vipaza sauti. Akiwa anakwenda aliwatangazia Wahutu wainuke wawamalize Watutsi. Akiwa anarudi aliwauliza watu wa barabarani kama wamekuwa wakiwaua, na akawataja Watutsi kwa jina la nyoka. Rufaa yake ilishindwa mwaka 2010.

Hebu tafakari ni kwa nini aliwekwa yeye kwenye gari lile. Mgambo wa kutisha watu walikuwepo tele, na wote walikuwa na midomo. Lakini sauti ya Bikindi watu wa Gisenyi walikuwa wanaifahamu tangu arusini na sikukuuni, sauti ya mtu wa kwao, sauti ya furaha. Maneno yanayomtia mtu shaka yakisemwa na mwanasiasa hupita kirahisi yakisemwa na mtu aliyewahi kumchezesha. Hiyo ndiyo nguvu halisi aliyonayo mdogo wako, na ndiyo maana nasema hesabu ya wafuasi ni kitu kidogo.

Simfananishi kijana wetu na Bikindi, Mungu amwepushe. Ninachokuomba ni uende ukasome maoni yaliyoandikwa chini ya ile picha ya bendera. Najua utakayoyakuta, kwa sababu nayasoma kila wiki kwenye kurasa za wasanii wengine: "nyoka", "mende", "hawa watu", "warudi kwao". Sasa warudi kwao wapi? Masisi na Rutshuru kuna Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda ambao babu zao wamezikwa hukohuko. Milimani Kivu Kusini kuna Wanyamulenge, Wakongo wenye asili ya Kitutsi. Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba karibu na Bujumbura, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa usiku mmoja kwa sababu ya kabila lao. Na upande wa pili kuna wakimbizi Wahutu waliouawa katika misitu ya Kongo mwaka 1996 na 1997, ambao wengi tunawasahau kwa kuwa hawana wa kuwaimba. Msanii akiandika "Wanyarwanda ni wauaji", maneno hayo hayafiki kwa jenerali yeyote. Yanamfikia mama muuza nyanya wa Uvira ambaye pua yake tu inatosha kumponza.

Kwa hiyo kuna la kusema? Lipo, na ni kali kuliko tusi. Februari 21, 2025, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2773, likilitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo. Azimio hilohilo liliwataka wanajeshi wa Kongo nao waache kuwasaidia FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda. Hayo si maneno ya mashabiki. Yameandikwa, yanajulikana, na mtu anaweza kuyasimamia bila kumtukana jirani yake yeyote. Msanii anayesema "jeshi hili liondoke, na wale waache kuwapa silaha hawa" amesema siasa, tena siasa nzito, na bado hajamwelekezea mtu kidole kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Mfano bora wa kauli ya namna hiyo niliouona miaka ya karibuni haukuwa na neno hata moja. Februari 7, 2024, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Abidjan, wimbo wa taifa wa Kongo ukipigwa, wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja na kwa mwingine wakaweka vidole viwili pembeni mwa kichwa kama mtutu. Dunia imenyamaza, sisi tunauawa. Walifungwa na Ivory Coast 1-0, na kesho yake watu wengi waliongea juu ya mikono ile kuliko juu ya goli. Walikuwa wanaizungumzia nchi yao wenyewe, na hakuna kabila lililotukanwa.

Tuje kwenye gharama, maana hili unalisimamia wewe na hapo sitaki nikupe matumaini ya bure. Machi 10, 2003, siku chache kabla Marekani haijaivamia Iraki, kundi la Dixie Chicks, akina dada watatu wa muziki wa kantri, lilikuwa jukwaani London. Natalie Maines, mwimbaji wao kiongozi, aliwaambia watazamaji kwamba hawaitaki vita ile na kwamba wanaona aibu kuwa rais wa Marekani anatoka Texas, jimbo lao. Sentensi hiyo ilipofika nyumbani, vituo vya redio vya kantri viliacha kuwapiga, na kampuni kubwa ya Cumulus iliwaondoa kwa siku 30 kwenye vituo vyake vyote vya muziki huo. Kuna mji ambako watu walileta CD zao zikapondwa kwa trekta. Wimbo wao uliokuwa ukiongoza chati za kantri, tena wimbo wa kumlilia askari, ukaporomoka. Mwimbaji alitishiwa kuuawa na polisi wakalazimika kulinda onyesho lao Dallas. Februari 2007 walichukua tuzo 5 za Grammy, na wengi husimulia hapo kama mwisho mwema. Mimi huwakumbusha wanafunzi kwamba redio za kantri hazikuwarudia kama zamani. Haki walipata, soko lao hawakulipata lote.

Ona pia ni nani aliyewaadhibu. Hakuna sheria iliyotumika wala polisi aliyewakamata. Ni wenye redio na wateja. Kwa mdogo wako ni hivyohivyo: watakaomkaba kwanza si serikali yoyote, ni promota, ni mdhamini wa soda au wa mtandao wa simu ambaye ana maduka nchi zote nne. Kaa naye chini mpige hesabu kabla hajasema, msije mkashangaa baadaye.

Na kuna gharama ambayo haina hesabu. Delcat Idengo aliimba kwa Kiswahili cha Mashariki ya Kongo. Serikali ya Kinshasa ilikwisha kumfunga kwa sababu ya maneno yake, kwa hiyo hakuwa kipenzi cha upande wowote. Februari 13, 2025, wiki chache baada ya Goma kuanguka, aliuawa kwa risasi mjini humohumo, mji ukiwa mikononi mwa M23. Nikisikia watu wa Dar es Salaam au wa Brussels wakimwita mwanamuziki wa Goma mwoga kwa kunyamaza, huwa nakasirika kweli. Mwenye nyumba Mwanza, mwenye polisi wa kumpigia simu, anaweza kusema. Anayelala Goma ana haki ya kuimba mapenzi hadi vita viishe na asidaiwe na mtu. Kwenye hilo chunguza pia watu walio nyuma ya kijana: mpiga gitaa wake, wachezaji wake, mtengeneza biti. Kama mmoja ana mama yake Bukavu au Kigali, aulizwe kabla kauli haijatoka. Jina la msanii ndilo litakalotajwa, lakini mlango utakaogongwa unaweza kuwa wa mwingine.

Hapo ndipo tunagusa hoja ya mashabiki wanaosema "ukinyamaza umewaunga mkono wauaji". Siikubali. Mwishoni mwa Februari 2022, Urusi ilipokuwa imeivamia Ukraine, jiji la Munich lilimpa Valery Gergiev, Mrusi aliyekuwa akiiongoza okestra ya jiji hilo, muda wa kuikana vita hadharani. Aliponyamaza, likamfukuza Machi 1. Kwa Gergiev ninaelewa, kwa sababu alikuwa amemuunga mkono Putin waziwazi kwa miaka mingi, na aliyeingia kwenye siasa kwa hiari yake hawezi kujificha nyuma ya muziki mambo yanapochacha. Lakini mwezi huohuo okestra moja ya Cardiff iliondoa kwenye ratiba yake kazi ya Tchaikovsky, mtunzi wa Kirusi aliyefariki mwaka 1893. Kulazimisha kauli kukishaanza hakujui pa kuishia. Mei 2024 ilikuwa Gaza: watu wengi waliwafungia mastaa wa Marekani kwenye mitandao kwa kosa la kutosema lolote. Najua uchungu uliokuwa nyuma yake, na ningependa wengi wa wale mastaa waseme. Ila kauli iliyotolewa kwa kuogopa kupoteza wafuasi haina thamani kwa mtu wa Gaza, na ya kijana wetu haitakuwa na thamani kwa mtu wa Bukavu.

Sasa ile bendera. Kosa halikuwa kuweka, wala halikuwa kufuta peke yake. Bendera ni ya dola, na nadhani yeye alitaka kusema yuko na watu. Kisha alipoifuta kwa sababu ya matusi aliwafundisha wote, wa huku na wa huko, kwamba matusi yanafanya kazi kwenye ukurasa wake. Safari hii aandike maneno, kwa Kiswahili chake mwenyewe, sentensi chache, na kabla ya kuyatoa aamue kwamba hayatafutwa. Ataje anachokipinga: uvamizi, mabomu kwenye kambi, vijana kulazimishwa kubeba silaha. Ataje wanaotoa amri kama ana uhakika, na kama hana awaache. Halafu asafishe maoni yaliyo chini: tusi la kabila lolote lifutwe na mwenye tusi afungiwe, awe Mkongo au Mnyarwanda. Ukurasa ni sebule yake. Asiyekemea tusi sebuleni kwake ameliazimisha jina lake.

Asisambaze picha wala video za wengine. Picha za vita vya miaka ya nyuma, na hata za nchi nyingine, zinazunguka kila siku zikiitwa Goma. Mtangazaji wa mpira wa Uingereza Gary Lineker aliondoka BBC Mei 2025 baada ya kusambaza video kuhusu Uzayuni iliyokuwa na mchoro wa panya, alama ya zamani ya kuwadhalilisha Wayahudi. Alisema hakuuona mchoro, akaomba radhi, na kazi ikaisha. Na hapa nyumbani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo na pia maandishi ya chuki za kibaguzi, kwa hiyo "mimi nilisambaza tu" si utetezi.

Lakini kama kijana anataka kweli kuijua vita hii kabla hajaisema, asianzie kwenye simu. Kigoma, wilaya ya Kasulu, kuna kambi ya Nyarugusu ambayo imekuwa ikipokea Wakongo tangu 1996. Wako watu waliozaliwa humo, wakaolewa humo, na bado wanasubiri amani ya Kivu. Kibali kinaombwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na mashirika yanayohudumia kambi yatawaelekeza. Aende bila kamera siku ya kwanza, asikilize. Akitoka huko atakuwa na la kusema ambalo hakuna shabiki aliyemwandikia.

Limebaki la shoo. Mfano uko wazi, na ni wa juzijuzi. Januari 2025, mwimbaji Tems wa Nigeria alifuta onyesho lake la Kigali baada ya kuambiwa juu ya vita. Alisema hakuwa na habari navyo alipolitangaza. Mwimbaji wa Marekani John Legend yeye alikwenda, akaimba Kigali Februari 21, 2025, siku ileile azimio nililolitaja lilipopitishwa, na hoja yake ilikuwa kwamba wananchi wa Rwanda wasiadhibiwe kwa sababu ya viongozi. Hoja ya Legend naiheshimu, maana inakaribia ninayoisema mimi. Kinachonisumbua ni kwamba tamasha kubwa namna ile huwa na faida kwa sura ya serikali, hata msanii asipotaka.

Kwa hiyo uliza nani analipa. Kama mwaliko umetoka serikalini, au kwenye kampeni ya utalii, au kwenye sherehe ya mkubwa fulani, asiende, na iwe hivyohivyo kwa mwaliko wa Kinshasa wa kutumbuiza mkutano wa hadhara. Goma na Bukavu asiende kwa mwaliko wa yeyote kwa sasa, kwa usalama wake. Kama ni promota wa kawaida, ukumbi wa kawaida, vijana wa Kigali walionunua tiketi kwa pesa zao, mimi ningemruhusu, kwa sharti kwamba kauli yake itoke kabla ya kusaini na ibaki pale ilipo. Promota akiisoma na bado akamtaka, safari njema, na wa Bukavu watakaokasirika awajibu kwa adabu. Usome mkataba mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, utafute kifungu kinachomzuia kuzungumza au kinachomtaka aondoe alichokwisha kuandika. Mara nyingi kinawekwa karibu na mwisho, pamoja na mambo ya hoteli na tiketi za ndege. Kifungu hicho kikiwemo na promota akikataa kukitoa, mrudishieni advansi yake. Mzee mpe salamu zangu.